Louis Pasteur na Kondoo wa Pouilly-le-Fort



Nina deni kwenu na leo nalilipa. Mwaka jana nilikuwa kwenye parokia moja kwa mazoezi ya kichungaji, nikapewa mada kwenye mafungo ya vijana. Nikasimulia habari za Louis Pasteur, yule mwanasayansi Mfaransa. Nilisimulia ile ya kwenye treni, ambayo wengi wenu mmeshatumiwa kwenye WhatsApp: kijana msomi anamkuta mzee anasali Rozari, anamcheka, anamshauri aachane na mambo ya kizamani na asome sayansi. Mwisho wa safari mzee anatoa kadi yake, kumbe ni Pasteur mwenyewe! Vijana walipiga makofi, nami nikajiona nimehubiri.

Baada ya mada dada mmoja alinifuata. Anasoma diploma ya afya ya mifugo. Aliniuliza maswali mawili. La kwanza, habari ile ya treni imeandikwa wapi. La pili ndilo lililomkaa moyoni: chuoni walifundishwa kwamba Pasteur huyohuyo aliua kondoo zaidi ya 20 kwa makusudi, mbele ya umati, ndani ya siku mbili. Na yeye muhula uliofuata alitakiwa kuingia kwenye mazoezi ya vitendo yenye wanyama hai. Alitaka kujua kama ni dhambi.

Jamani, mimi mwenye digrii ya falsafa sikuwa na jibu hata moja. Nikamwambia nitalifanyia kazi.

Nimelifanyia kazi. Habari ya treni inazunguka dunia nzima bila shahidi hata mmoja wa kuaminika, kwa hiyo naifuta, na naomba mnisamehe. Ila habari ya kondoo ni ya kweli, ina tarehe na ina mashahidi. Nimeikuta ni ngumu kuliko nilivyotegemea, na ndiyo maana naiandika yote, pamoja na sehemu isiyopendeza.

Mtoto wa fundi wa ngozi

Louis Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji mdogo wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake, Jean-Joseph, alikuwa fundi wa kulainisha ngozi za wanyama, na kabla ya hapo alikuwa askari katika jeshi la Napoleon. Kwa hiyo Louis alikulia mji wa Arbois katikati ya harufu ya ngozi. Nyumba ile ililishwa na wanyama waliokufa. Naona ni vizuri kulikumbuka hilo mapema.

Utotoni hakuwa mwanafunzi wa kutisha. Alichojulikana nacho ni kuchora: alichora sura za wazazi wake na majirani vizuri sana. Baadaye akaingia École Normale Supérieure, chuo kikubwa cha walimu jijini Paris, akasoma kemia. Mwaka 1848, akiwa na miaka 25 tu, aligundua kwamba fuwele za chumvi fulani ya asidi ziko za aina mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Alizitenga moja moja kwa mkono, akitazama kwa hadubini. Mnaona aina ya mtu? Mvumilivu, mwenye jicho kali, na anayependa kushinda.

Mwaka 1849 alimwoa Marie Laurent. Mama huyu alikuwa zaidi ya mke nyumbani: usiku aliandika aliyosomewa na mumewe, alinakili kazi zake, na alijua majaribio yake. Walijaliwa watoto watano. Watatu walifariki wakiwa wadogo: Jeanne mwaka 1859, Camille mwaka 1865, na Cécile mwaka 1866. Jeanne na Cécile waliuawa na homa ya matumbo. Miaka miwili baada ya kumzika Cécile, mwaka 1868, Pasteur mwenyewe alipigwa na kiharusi akiwa na miaka 45, na upande wake wa kushoto haukurudi tena kama zamani. Kazi nyingi tunazomsifia alizifanya akiwa tayari anaburuta mguu, na wasaidizi wake wakifanya kwa mikono yao yale ambayo mkono wake ulishindwa.

Katika miaka hiyo alionyesha kwamba mvinyo na bia huharibika kwa sababu ya vijidudu, na kwamba joto la kiasi huviua. Maziwa unayonunua dukani yamefanywa salama kwa njia inayotokana na kazi hiyo. Alionyesha pia kwamba vijidudu havijizalishi vyenyewe kutoka hewani au kwenye supu, bali vinatoka kwa vijidudu vingine. Akaokoa pia viwavi wa hariri wa kusini mwa Ufaransa. Kisha akageukia mifugo.

Kimeta

Hapa nisimame kidogo niwape habari yangu. Nilipokuwa darasa la tano nilikuwa likizo kwa babu, upande wa Singida. Asubuhi moja beberu mkubwa wa babu alikutwa amekufa zizini. Jana yake alikuwa mzima. Puani mlikuwa na damu nyeusi ambayo haikuganda. Majirani walikuja na visu, maana nyama ni nyama. Babu akasimama mlangoni mwa zizi na fimbo, akakataa mtu yeyote asimguse, wala ngozi isichunwe. Alimtuma mjomba akamwite bwana mifugo. Walichimba shimo refu wakamchoma humohumo. Watu walinung'unika wiki nzima kwamba mzee ana roho mbaya. Ugonjwa ule ni kimeta, na ukila nyama yake au ukimchuna unaweza kufa wewe.

Kimeta hicho ndicho kilichokuwa kinamaliza kondoo wa Ufaransa. Wafugaji walikuwa na mashamba waliyoyaita mashamba yaliyolaaniwa, kwa sababu kila kundi lililochungwa pale lilikufa. Mwaka 1876 daktari Mjerumani, Robert Koch, alionyesha jinsi bakteria wa kimeta anavyoishi, na kwamba anaweza kujifunga ndani ya kitu kama mbegu ngumu, yaani spora, na kukaa hivyo kwa miaka. Pasteur naye akaingia kwenye kazi hiyo. Alieleza kwamba mizoga ikizikwa, nyungunyungu wanaweza kuzipandisha spora hizo juu ya ardhi, na kondoo wanazila pamoja na majani. Niliposoma hapo nilimkumbuka babu na shimo lake. Hakuwahi kusikia jina la Pasteur.

Wakati huohuo Pasteur alikuwa ameshagundua jambo kubwa kwa kutumia kipindupindu cha kuku: vijidudu vikidhoofishwa, kuku akidungwa navyo haugui sana, na baadaye ukimpa vile vikali hafi. Tarehe 28 Februari 1881 alitangaza mbele ya wanasayansi wenzake jijini Paris kwamba ameweza kudhoofisha hata kimeta. Njia yake ilikuwa kuwakuza bakteria kwenye joto la nyuzi 42 hadi 43, ambapo hawatengenezi spora, na kuwaacha hewani wapungue nguvu.

Ile siku ya shamba

Daktari mmoja wa mifugo wa mji wa Melun, Hippolyte Rossignol, hakuamini. Akatoa changamoto ya wazi: Pasteur aje athibitishe shambani kwake Pouilly-le-Fort, watu wote wakiona. Chama cha wakulima cha Melun kikatoa kondoo 60. Kondoo 2 wakabadilishwa kwa mbuzi 2, na ng'ombe 10 wakaongezwa. Wasaidizi wa Pasteur waliogopa. Yeye akakubali na kutia sahihi mpango ulioeleza mapema, bila kona, nani atakufa na nani atapona. Akikosea, hana pa kujificha.

Tarehe 5 Mei 1881 kondoo 24, mbuzi 1 na ng'ombe 6 walipata chanjo ya kwanza. Tarehe 17 Mei wakapata ya pili. Kondoo 24 wengine, mbuzi 1 na ng'ombe 4 hawakupewa kitu. Kondoo 10 waliobaki waliachwa kando kabisa, wasiguswe na jaribio lolote, ili walinganishwe na wengine mwishoni. Tarehe 31 Mei wanyama wote, waliochanjwa na wasiochanjwa, isipokuwa wale 10, walidungwa kimeta kikali. Waliokuwa na mashaka walidai chupa itikiswe vizuri, na wanyama wadungwe kwa zamu, mmoja wa kundi hili na mmoja wa kundi lile, isije ikasemekana kuna ujanja. Wakakubaliwa.

Kesho yake habari zilifika Paris kwamba kondoo jike mmoja wa kundi lililochanjwa ana homa kali. Pasteur alivurugika. Alimgombeza Émile Roux, msaidizi wake, kana kwamba kosa ni lake. Usiku ule haukuwa wa usingizi. Asubuhi ya tarehe 2 Juni ikaja simu ya maandishi kutoka kwa Rossignol yuleyule asiyeamini, akitangaza ushindi wa ajabu.

Pasteur alipofika saa nane mchana, umati ulikuwa umejaa: wakulima, madaktari wa mifugo, viongozi, hata mwandishi wa gazeti la The Times la London. Kondoo 21 wasiochanjwa pamoja na yule mbuzi walikuwa wamelala chini wamekufa. Wengine wawili walianguka na kufa watu wakitazama. Wa mwisho akafa jioni. Wale ng'ombe wanne wasiochanjwa walivimba na kuwa na homa, lakini hawakufa. Kati ya waliochanjwa, yule kondoo jike peke yake ndiye aliyekufa, siku iliyofuata. Walipompasua walimkuta na mimba, na mtoto alikuwa ameshafia tumboni. Wengine wote walikuwa wanakula majani.

Watu walishangilia. Ndani ya miaka michache chanjo ilienea, na kufikia mwaka 1894 kondoo zaidi ya milioni 3 walikuwa wameshachanjwa Ufaransa. Hesabu na wachungaji, wachinjaji na wafanyakazi wa sufu, maana kimeta hakichagui. Chanjo wanayopewa mifugo leo si ileile. Inayotumika zaidi inatokana na kazi ya Max Sterne, daktari wa mifugo wa Afrika Kusini, ya miaka ya 1930. Lakini mlango ulifunguliwa pale shambani.

Hapo ndipo ningependa kuishia. Mada ingekuwa tamu, na makofi mngepiga.

Madaftari

Pasteur aliandika majaribio yake yote katika madaftari, na aliwaagiza watu wa familia yake wasimwonyeshe mtu. Walitii kwa miaka mingi. Mwaka 1964 mjukuu wake aliyakabidhi kwa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, na miaka ya 1970 watafiti wakaanza kuyasoma. Mwaka 1995 mwanahistoria Mmarekani, Gerald Geison, alichapisha kitabu kuhusu yaliyomo.

Yaliyomo ni haya. Chanjo iliyotumika Pouilly-le-Fort haikuwa ile ya hewani aliyoitangaza Februari. Ilikuwa chanjo ya msaidizi wake, Charles Chamberland, iliyodhoofishwa kwa kemikali inayoitwa dikromati ya potasiamu. Pasteur alijua. Alipotoa taarifa kwa wenzake mwezi Juni, aliacha waamini kwamba ni ile njia yake. Mpwa wa mkewe, Adrien Loir, aliyefanya kazi naye, alikuwa ameshalisema hilo katika kumbukumbu zake miaka ya 1930, lakini madaftari ndiyo yaliyofunga mjadala.

Kwa nini afiche? Kwa sababu kulikuwa na kijana wa Toulouse, Jean-Joseph Henri Toussaint, daktari wa mifugo. Mwaka 1880, kabla ya Pasteur, Toussaint alitangaza kwamba amewakinga kondoo dhidi ya kimeta kwa kutumia damu yenye kimeta iliyopashwa moto, na baadaye kwa kutumia kemikali. Pasteur alipinga hadharani. Sasa fikiria: shambani, siku ya kushinda, anatumia njia ya kemikali inayofanana zaidi na ya mpinzani wake kuliko na yake mwenyewe. Kulisema hilo kungekuwa kumpa Toussaint sehemu ya heshima. Hakulisema. Toussaint aliugua ugonjwa uliomharibu akili, akafariki mwaka 1890 akiwa na miaka 43. Watu wengi wa dunia hii hawajui aliwahi kuishi.

Niliposoma hayo nilifunga kompyuta. Nilitaka kumtetea. Nilijiambia kwamba chanjo ilifanya kazi, kondoo walipona kweli, kwa hiyo njia ina tofauti gani? Tena darasani tumefundishwa kwamba kutunza siri si kusema uongo. Ni kweli. Lakini kumwachia mtu aamini jambo lisilo kweli, nawe ndiye unayefaidika nalo, hiyo si siri tena. Kila mmoja wetu anaijua tofauti hiyo, hata asiyesoma falsafa. Anayekwenda kuungama anaijua vizuri zaidi.

Swali la yule dada

Sasa turudi kwenye swali lake: kondoo wale kufa, ilikuwa dhambi?

Kanisa halijanyamaza kuhusu hili. Katekisimu, namba 2415 hadi 2418, inafundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu na tunapaswa kuwatendea kwa wema. Inafundisha kwamba majaribio ya kitabibu kwa wanyama yanaweza kukubalika, mradi yawe na mipaka ya busara na yasaidie kuponya au kuokoa maisha ya watu. Na inafundisha kwamba kumtesa mnyama au kumuua bila sababu ya lazima kunamshushia mwanadamu hadhi yake. Mtakatifu Thoma wa Akwino naye aliona kwamba mtu akizoea ukatili kwa mnyama hachelewi kuuhamishia kwa mtu.

Kwa hiyo maswali ni mawili: je, ilikuwa lazima, na je, kulikuwa na mipaka?

Lazima, naona ndiyo. Bila wale 24 na mbuzi wao mmoja wasiochanjwa, hakuna ambaye angejua kama waliochanjwa walikingwa na chanjo, au sumu ya siku ile ilikuwa dhaifu tu. Kundi la kulinganisha ndilo lililosema ukweli. Na kimeta kilikuwa tayari kinawaua kondoo kwa maelfu kila mwaka, tena kwa kifo kilekile.

Mipaka, hapo ni vigumu zaidi. Wanyama wale walikufa kwa maumivu mbele ya umati uliokuja kama kwenye mechi. Pasteur mwenyewe hakuwa na moyo wa chuma. Roux alisimulia kwamba baadaye, katika utafiti wa kichaa cha mbwa, Pasteur hakuweza kuvumilia wazo la kumtoboa mbwa fuvu, hata akiwa na dawa ya usingizi. Roux akafanya upasuaji ule bila yeye kuwepo. Kesho yake Pasteur akamwona mbwa mzima anarukaruka, akafurahi, akambembeleza. Huruma ile ni nzuri, lakini huruma ya mtu mmoja haitoshi kuwa sheria. Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliandika kanuni tatu ambazo maabara nyingi za leo zinazifuata: kama unaweza kutumia njia nyingine badala ya mnyama, itumie, kama ni lazima awe mnyama, tumia wachache iwezekanavyo, na hao wachache wapunguzie maumivu. Naziona zinakwenda sambamba na Katekisimu bila kugombana.

Na bado tunakula matunda ya kondoo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko New Zealand, daktari Graham Liggins alikuwa akiwachunguza kondoo wenye mimba. Aliona kwamba wanakondoo waliopewa homoni fulani wakiwa tumboni, hata wakizaliwa kabla ya siku zao, waliweza kupumua wakati mapafu yao yalitakiwa yawe bado hayajakomaa. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie walichapisha matokeo ya dawa ya aina hiyo kwa akina mama. Leo mama aliye hatarini kujifungua mtoto njiti anapewa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, hata kwenye hospitali zetu. Inawezekana baadhi yenu mnaosoma hapa mnapumua kwa sababu ya kondoo ambao hamtawajua.

Hapa ndipo nilipoyaona yale maswali mawili ya dada kuwa ni swali moja. Kondoo wa Pouilly-le-Fort hawakuwa na la kusema. Walichukuliwa uhai ili sisi tujue jambo fulani. Kama kuna haki yoyote tunayoweza kumtendea kiumbe wa namna hiyo, ni kusema kwa usahihi kile alichotufundisha, yaani chanjo ipi, ya nani, ilitengenezwa vipi. Pasteur aliipata ile kweli kwa gharama ya uhai wao, halafu akaificha nusu kwa ajili ya jina lake. Kwangu hilo ni kosa zito kuliko sindano za tarehe 31 Mei. Alimnyima Toussaint, aliwanyima wanasayansi wenzake, na kwa namna fulani aliwanyima hata wale wanyama.

Na mimi je? Nilichukua jina la marehemu, nikampa Rozari na treni, ili mada yangu ipendeze. Nilifanya nusu ya alichofanya yeye, tena bila kumponya mtu hata mmoja.

Mwisho wake

Tumalize maisha yake. Mwaka 1883 Pasteur alituma vijana wake Misri kuchunguza kipindupindu. Mmoja wao, Louis Thuillier, aliyekuwa katika kundi la Pouilly-le-Fort, aliambukizwa akafia Aleksandria akiwa na miaka 27. Umri wangu na wake haupishani sana, na huwa namwombea. Tarehe 6 Julai 1885, mtoto wa miaka 9 kutoka Alsace, Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, alianza kupata sindano za Pasteur, akapona. Mwaka 1888 taasisi yenye jina lake ilifunguliwa Paris kwa michango ya watu wa nchi nyingi.

Kuhusu imani yake nisiongeze chumvi tena. Alibatizwa na kulelewa Mkatoliki, na mkewe alikuwa mama wa sala. Alipoingizwa katika Akademia ya Ufaransa mwaka 1882, alizungumza juu ya fumbo la asiye na mwisho, ambaye akili ya mwanadamu haiwezi kumkwepa. Hakuwa mtu wa kanisani kila asubuhi. Alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na jamaa zake waliandika kwamba mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya mkono wa Marie, na mwingine umeshika msalaba. Misa ya mazishi ilifanyika katika kanisa kuu la Notre-Dame.

Huyo ndiye Pasteur niliye naye sasa. Baba aliyezika watoto watatu, mlemavu aliyefanya kazi kuliko wazima, mtu aliyeokoa maelfu, na mtu aliyeficha madaftari yake. Simhukumu, aliyeshika msalaba mwishoni alishika mahali sahihi. Lakini sitamsafisha tena ili anisaidie kuhubiri. Mungu hakuhitaji Pasteur asiye na doa ili awaponye watu wake, wala hahitaji hadithi zangu za treni.

Nilimpigia simu yule dada nikamweleza yote haya. Nikamwambia kwamba kwa kadiri ninavyolielewa fundisho la Kanisa, mazoezi yake si dhambi, mradi yana sababu, na asizoee. Siku atakapoona hajisikii chochote mbele ya mnyama anayeumia, siku hiyo asimame aulize kwa nini. Na nikamwomba jambo moja: majibu yakitoka tofauti na alivyotegemea, asiyarekebishe kwenye daftari ili afaulu. Alicheka, akasema hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu darasa zima hufanya hivyo. Ameshaingia kwenye mazoezi. Wiki iliyopita aliniambia kwamba alimuuliza mwalimu kuhusu dawa ya ganzi kwa mbuzi kabla ya kushonwa, wenzake wakamcheka, lakini mwalimu akaileta.

Kwa wiki hii, nawaachia maswali matatu ya kutafakari kabla ya kitubio. Je, kuna sifa ninayoipokea ambayo ni ya mwenzangu? Je, kuna jambo nimeliacha watu waliamini kwa sababu linanifaidi? Na je, kiumbe aliye chini ya mikono yangu, mtu au mnyama, anateseka kwa lazima au kwa uzembe wangu?

Tusali: Ee Mungu Mwumbaji wetu, uliyetukabidhi kondoo na mbuzi tuwatunze, utupe akili ya kutafuta, moyo wa kuhurumia, na ulimi usioficha. Umpokee mtumishi wako Louis, na Henri Toussaint ambaye wachache wanamkumbuka. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Tuombeane.

Frateri wenu.